Dola saba kwa mwezi: Kikosi cha 54 cha Massachusetts mbele ya meza ya mlipaji

Ukitaja Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wengi hukimbilia Fort Wagner, na wana haki. Jioni ya tarehe 18 Julai 1863, askari weusi wapatao 600 waliishambulia ngome hiyo ya mchanga katika kisiwa cha Morris, karibu na Charleston, South Carolina, wakiwa wametangulia mbele ya vikosi vingine vyote. Kati yao, 272 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Kanali Robert Gould Shaw, kamanda wao mzungu, alifia juu ya boma. Sajenti William Carney aliirudisha bendera akiwa na majeraha. Nishani yake ya ushujaa, Medal of Honor, ilimfikia mwaka 1900.

Lakini mimi husoma historia ya majeshi kwa kupitia daftari za mishahara, na kwa macho hayo vita vikali vya kikosi hiki ni vile vya kukataa fedha.

Walipojiandikisha kwa hiari mapema 1863, wakiwemo Lewis na Charles, wana wa Frederick Douglass, mpigania ukomeshaji wa utumwa, Gavana John Andrew wa Massachusetts aliwaahidi mshahara sawa na wa askari mzungu: dola 13 kwa mwezi. Alikuwa na idhini ya Wizara ya Vita. Mlipaji alipofika kambini, akawaletea dola 10, tena 3 zikatwe kwa ajili ya nguo. Zinabaki saba.

Chanzo kilikuwa Sheria ya Wanamgambo ya Julai 1862. Ilitungwa kwa kuwafikiria zaidi watu waliotoroka utumwani na kuajiriwa na jeshi la Muungano kuchimba mahandaki na kubeba mizigo. Wizara ikaona inawahusu pia weusi waliobeba bunduki. Ubaya wake ni kwamba sheria ilitazama rangi, haikutazama kazi wala cheo: sajenti dola 10, kuruta dola 10. Hata kasisi wao, Samuel Harrison, ambaye wenzake wazungu walilipwa zaidi ya dola 100, aliambiwa achukue 10. Yeye alilalamika rasmi, na Aprili 1864 Mwanasheria Mkuu Edward Bates akamwandikia Rais Lincoln kwamba kasisi huyo anastahili malipo kamili.

Askari wa kawaida walifanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Walikataa kupokea chochote. Mlipaji anakuja, anapanga noti, wanakataa. Anarudi tena, wanakataa. Jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kuwafidia tofauti kutoka hazina yake. Hizo nazo wakazikataa. Shida yao haikuwa ukata, ingawa ukata ulikuwepo na wake zao nyumbani walikuwa wakihangaika. Kuzipokea kungekuwa kukiri kwamba kwa serikali ya Marekani wao si askari. Koplo James Henry Gooding alimwandikia Lincoln barua Septemba 1863 na kumuuliza waziwazi: sisi ni askari, au ni vibarua? Gooding alijeruhiwa na kutekwa katika mapigano ya Olustee, Florida, Februari 1864, akafia katika gereza la Kusini la Andersonville Julai mwaka huohuo.

Huko Olustee waliingia vitani wakipiga kelele za kuishangilia Massachusetts na dola saba kwa mwezi. Kejeli ya namna hiyo hutoka kwa mtu ambaye bado hajapokea hata senti. Jeshi liliporudi nyuma na injini ya treni iliyobeba majeruhi ikaharibika, haohao walifunga kamba wakayavuta mabehewa kwa mikono.

Wengine walilipia msimamo huo kwa roho zao. Sajenti William Walker wa Kikosi cha 3 cha South Carolina, kilichoundwa na watu waliotoka utumwani, aliongoza wenzake kuweka silaha chini kwa sababu ya mshahara. Alihukumiwa kwa uasi na kupigwa risasi Februari 1864.

Juni 1864 Bunge likasawazisha mishahara, ila malipo ya nyuma tangu kujiandikisha yakawekewa sharti: askari awe alikuwa mtu huru tarehe 19 Aprili 1861, siku za mwanzo wa vita. Kikosi cha 54 kilikuwa na watu waliotoroka utumwani. Kanali Edward Hallowell, aliyechukua nafasi ya Shaw, akatunga kiapo: askari aape kwamba kufikia siku hiyo hakuwa na deni la kumfanyia mtu yeyote kazi bila ujira. Mtoro angeweza kukila bila kusema uongo, maana mbele ya Mungu hakudaiwa chochote na bwana wake wa zamani. Fedha zikalipwa kuanzia mwisho wa Septemba. Vikosi kama kile cha Walker vilingoja sheria nyingine ya Machi 1865.

Suala la cheo lilibaki. Stephen Swails, sajenti wa kikosi hiki, alipewa na gavana hati ya uluteni mapema 1864, lakini Wizara ikamkatalia kwa sababu ya asili yake ya Kiafrika. Ilimkubali Januari 1865.