In duplum: deni la benki linasimama wapi?

Mwaka juzi shangazi alikuja kwangu na bahasha ya kaki, ndani kuna stetimenti ya benki kurasa kumi na kitu, akaniambia mwanangu hebu nisomee hii kitu, hii pesa itasimama lini? Alikuwa amekopa 400,000 ya kupanua kibanda chake cha nafaka, akalipa vizuri kabisa, ikabaki 250,000, halafu mzee akaugua na kibanda kikafungwa. Miaka mitano hivi baadaye benki inamdai 690,000 na taito ya shamba iko kwao. Tukakaa mezani na biro, mstari kwa mstari, riba, riba ya kuchelewa, riba juu ya riba, kila mwezi.

Jibu la swali lake lipo, na linaitwa in duplum. Ni Kilatini, maana yake maradufu, na kwa sheria ya Kenya ni kikomo cha kile benki inaweza kukudai mkopo wako ukishakwama. Riba ikiendelea kupanda mpaka ikafika sawa na ile pesa uliyokuwa unadaiwa siku mkopo ulipokwama, inasimama hapo. Haiongezeki tena hata wakae miaka ishirini. Hii si huruma ya meneja, iko kwenye Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2007.

Sasa hapa ndo watu wengi hukosea, hata waliosoma. Wanadhani ni mara mbili ya pesa uliyokopa mwanzo. Hapana, ni mara mbili ya mkopo uliokuwa umebaki siku ulipokwama. Kwa shangazi hesabu haianzi na 400,000, inaanza na 250,000, kwa hivyo riba mwisho wake ni 250,000 nyingine, jumla 500,000. Ukianza na ile namba ya kwanza unapata 800,000 na unaona benki iko sawa kukudai 690,000, unanyamaza, unauza ng'ombe. Hiyo tofauti ndiyo inaniuma, kwa sababu mtu analipa pesa ambayo sheria ilishasema hadaiwi.

Na kukwama kwenyewe si siku ile umechelewa kulipa. Kwa miongozo ya Benki Kuu mkopo unahesabika umekwama ukipita siku 90 bila malipo. Kwa hivyo tarehe hiyo ndo kila kitu, na ukienda benki usiulize tu deni langu ni ngapi, waulize mkopo wangu mliuandika umekwama tarehe gani na siku hiyo ulikuwa umebaki pesa ngapi, na uwaombe wakujibu kwa maandishi. Ukipata hizo namba mbili hesabu unaifanya mwenyewe kwa simu.

Kuna vitu vinakaa nje ya kikomo, lazima niseme ukweli. Gharama za kudai deni zinaongezwa juu, yaani wakili, dalali wa mnada na kadhalika. Na kama kesi ilifika kotini ikaamuliwa, riba inayohesabiwa kutokana na amri ya korti baada ya hiyo amri haifungwi na kifungu hiki. Halafu ukirudi kulipa, mkopo ukasimama vizuri, kisha ukakwama tena, wanahesabu upya kuanzia mara ya mwisho ulipokwama.

Wengine huchanganya hii na ile sheria ya 2016 iliyowafunga mabenki wasipandishe riba kupita kiwango fulani juu ya ile ya Benki Kuu. Ile iliondolewa Novemba 2019. In duplum haikuguswa, kwa hivyo mtu wa benki akikuambia mambo ya kikomo yaliisha, anaongelea kitu kingine.

Haikuja hivi hivi pia. Waliokopa miaka ya 90 wanakumbuka riba ikipita asilimia 30, mtu anakopa pesa ya trekta anapoteza trekta na shamba na nyumba na bado anadaiwa. Joe Donde, mbunge wa Gem wakati huo, akapigania sheria ya kudhibiti riba, bunge likapitisha, lakini Mahakama Kuu ikaiangusha 2002 kwa vile ilikuwa imepewa tarehe ya kuanza kutumika iliyokuwa imeshapita. Kifungu cha 44A kilipokuja kikagusa hata mikopo ya zamani, ila kwa ile iliyokuwa imekwama tayari hesabu inaanza na kile ulichokuwa unadaiwa siku sheria ilipoanza, mkopo pamoja na riba yake.

Shangazi tulimwandikia barua ya nusu ukurasa tu, tukataja kifungu, tukataja 250,000, tukaomba ile tarehe. Akaipeleka mwenyewe, akagongewa muhuri kwenye kopi yake, hapo nilimsisitizia sana. Wiki tatu baadaye wakamletea hesabu mpya, 500,000 na gharama za wakili kando. Bado ni pesa nyingi kwake na bado anailipa, lakini ile namba haijasogea tena na taito haijaenda mnadani.