Ruhusa za mafaili kwenye seva: ni nani hasa anayekataliwa?

Umepandisha tovuti, unafungua kivinjari, inakuja 403, yaani huruhusiwi. Faili lipo, unaliona kwa macho yako, seva inakataa. Hapo wengi hukimbilia `chmod 777`, amri ya kufungulia kila mtu ruhusa zote, na mara nyingi ukurasa hufunguka kweli. Ila kabla hujaipiga amri hiyo, jiulize kwanza nani anayeliomba hilo faili. Si wewe.

Kwenye Linux kila programu inayoendeshwa ina mtumiaji wake. Kwenye Linux za Ubuntu na Debian, programu za kutoa kurasa za tovuti, Nginx na Apache, huhudumia wageni kwa jina la `www-data`. Ukiwa umeingia kama `asha` na faili ni la `asha`, huyo `www-data` ni mtu baki. Ruhusa ndizo zinazosema afanye nini mmiliki, kikundi cha faili, na wengine wote, kwa mpangilio huo. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, halafu unajumlisha. Basi 644 maana yake mmiliki anasoma na kuandika, waliobaki wanasoma tu. Kwa mafaili mengi ya tovuti inatosha. Folda hupewa 755.

Hiyo 1 ndiyo inayowachanganya watu. Kwenye folda haihusu kuendesha chochote: ni ruhusa ya kupita. Faili laweza kuwa 644 safi kabisa, lakini folda moja tu ya juu ikikataa kupitisha, mlango wa chumba uko wazi na geti limefungwa.

Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huundwa ikiwa 750. Weka tovuti ndani yake uone: logi ya Nginx itaandika `13: Permission denied` (na kivinjari pengine kikuonyeshe 404, yaani ukurasa haupo, kukupoteza zaidi). Piga `namei -l /home/asha/tovuti/index.html`, nayo itakupitisha geti kwa geti hadi hapa:

`drwxr-x--- asha asha asha`

Vile vistari vitatu ni vya wengine: hawana kitu. Hamishia tovuti `/var/www`, au wape wengine ruhusa ya kupita kwa `chmod o+x /home/asha`. Mimi ningehamisha.

777 nayo humruhusu kila mtumiaji wa seva kuandika. Plagini moja ikiwa na tundu, mdukuzi atabadilisha faili lolote apendalo. Kama shida ni picha kukataa kupanda, mara nyingi kosa ni la umiliki: ulifungua zipu ukiwa `root`, kila kitu kikawa cha `root`. Rekebisha kwa `chown`, amri ya kubadili mmiliki, na `www-data` umpe folda ya picha peke yake. Faili lenye nywila ya hifadhidata liwe 640, mmiliki wewe, kikundi `www-data`.

Kwenye AlmaLinux, aina nyingine ya Linux, na ndugu zake, namba zikiwa sawa na bado unakataliwa, angalia kwa `ls -Z` lebo za SELinux, ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida. Faili lililohamishwa kwa `mv` hubeba lebo ya lilikotoka. Amri ya `restorecon -Rv /var/www/html` huirudisha inavyotakiwa.