Aliyeng'atwa na Papa: Mbona Jeraha Halishonwi Mara Moja?

Ndugu wa mtu aliyeng'atwa na papa wakishahakikishiwa kwamba mgonjwa wao atapona, huuliza: "Daktari, mbona bado hamjamshona?" Wana haki ya kuuliza.

Kinachoua mwanzoni ni kuvuja damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, mtu huweza kufa ndani ya dakika chache, hivyo tiba huanzia ufukweni. Kandamiza jeraha kwa nguvu. Damu ikizidi kuruka, funga mkono au mguu kwa mkanda mpana, vidole vinne hivi juu ya jeraha lakini si juu ya kiungo, kaza mpaka ikome, kisha andika saa. Usiufungue. Mfunike mgonjwa, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Vazi la kuzamia mwacheni nalo. Rodney Fox, aliyeng'atwa Australia mwaka 1963, hakuvuliwa lake, nalo likasaidia kushikilia viungo vya ndani.

Hospitalini huongezewa damu na kupigwa eksirei, kwani vipande vya meno hubaki nyamani. Mshipa uliokatwa haungoji: huungwa mapema, mara nyingi kwa kipande cha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu mwingine, kwa kuwa nyama iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa.

Jeraha lenyewe ndilo hungoja. Meno ya papa hurarua na kuacha mifuko ya nyama iliyokufa, yenye mchanga na bakteria wa baharini kama Vibrio, ambao huozesha nyama upesi. Ukishona siku ya kwanza, umewafungia ndani. Kwa hiyo tunakata kilichokufa, tunaosha kwa maji mengi ya dawa, tunafunika, na baada ya siku moja au mbili tunamrudisha chumba cha upasuaji, pengine zaidi ya mara moja. Nyama ikiwa nyekundu na safi ndipo tunashona au kupandikiza ngozi. Antibiotiki na chanjo ya pepopunda hazirukwi.

Kupona ni polepole. Neva (mshipa wa fahamu) iliyoungwa hukua takribani milimita 1 kwa siku, kwa hiyo iliyokatwa karibu na bega huchukua mwaka na zaidi kufika vidoleni. Mazoezi ya viungo yasikatizwe. Bethany Hamilton, aliyepoteza mkono Hawaii mwaka 2003 akiwa na miaka 13, alirudi kwenye mchezo wake wa kuteleza mawimbini kwa ubao baada ya wiki chache. Msimpime mgonjwa wenu kwa kipimo hicho. Akiendelea kushtuka usingizini au kuliogopa tukio zaidi ya mwezi, mleteni kliniki ya afya ya akili hata kama kidonda kimefunga.