Usalama wa ndege ardhini wakati wa ujenzi: maana yake hasa

Mwenye nyumba anaweza kuhama, mafundi wakaingia, naye akarudi rangi ikishakauka. Kiwanja cha ndege hakina nafasi hiyo. Kikubwa chochote hujengwa huku kinatumika: upande huu kijiko kinachimba, upande ule ndege yenye mamia ya watu inapita kwa magurudumu yake kuelekea kuruka. Hatua zote zinazochukuliwa ili wawili hao wasikutane ndizo zinazoitwa usalama wa ndege ardhini wakati wa ujenzi. Lengo ni ndege isikutane na gari, mtu, shimo wala kifusi, na rubani asijikute kwenye barabara iliyofungwa akidhani ndiyo aliyopewa.

Hilo la mwisho limeua watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko pengine.

Rubani akiwa chini huisoma ardhi. Ndege hutoka maegesho, ikafuata barabara za viungio, ikaingia kwenye barabara ya kuruka na kutua, na kila sehemu ina lugha yake. Kwenye viungio mstari wa katikati ni wa njano, na usiku taa zake za katikati ni za kijani na za kando bluu. Kwenye barabara ya kuruka michoro ni myeupe na taa za kando ni nyeupe. Kibao chekundu chenye maandishi meupe maana yake simama, usivuke bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Baada ya miaka kazini, lugha hii humkaa rubani mwilini. Ujenzi unapoanza, ardhi ileile inabadilika maana: barabara ya jana leo imefungwa, kiungio cha jana leo ni shimo. Kama alama na taa hazikubadilishwa, ardhi inaendelea kusema maneno ya zamani, na rubani anaendelea kuiamini.

Ndiyo maana kufunga barabara kwenye karatasi pekee si kuifunga. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinataka barabara ya kuruka iliyofungwa ichorwe alama kubwa ya X, nyeupe, kila mwisho. Kwenye viungio X hiyo ni ya njano. Taa za barabara iliyofungwa hazitakiwi kuwashwa isipokuwa kwa matengenezo. Sehemu mbovu huzungushiwa bendera, koni au mbao za rangi, na usiku taa nyekundu. Juu ya hayo hutolewa tangazo rasmi kwa marubani, lile linalojulikana kama NOTAM. Tangazo ni la lazima, lakini rubani anayepinda kona usiku kwenye mvua hana tangazo mbele ya macho yake. Ana taa.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2000, huko Taipei, ndivyo ilivyokuwa. Kimbunga kilikuwa kinakaribia, mvua inapiga kwa nguvu. Boeing 747 ya Singapore Airlines, safari namba 006, ilikuwa na watu 179 ikielekea Los Angeles. Ilipewa barabara 05L, yaani ya kushoto. Sambamba nayo ilikuwapo 05R, ya kulia, iliyofungwa sehemu kwa ajili ya ukarabati, na ili kuifikia 05L ndege ilipaswa kwanza kuipita 05R. Marubani walikuwa na tangazo la kufungwa huko. Walipofika kwenye kona, taa za kijani zilizopangwa vizuri ziliwaongoza kuingia 05R. Zile za kuendelea mbele hadi 05L zilikuwa chache, moja haiwaki na nyingine hafifu. Mwanzoni mwa 05R hapakuwa na X wala kizuizi, kwa sababu sehemu hiyo ilikuwa bado inatumika kama njia ya kupita ndege. Vifaa vya ujenzi vilikuwa mbali zaidi mbele, gizani.

Walifuata taa, wakaingia, wakaongeza nguvu ya injini. Ndege ilivaa vizuizi vya zege, vijiko na mitambo mingine ikiwa katika mwendo wa kuruka, ikakatika vipande na kuwaka moto. Watu 83 walikufa.

Wachunguzi wa Taiwan waliweka makosa ya marubani mbele: hawakuhakiki ipasavyo kuwa wako kwenye barabara sahihi, ingawa vyombo vilikuwapo vya kuwaonyesha. Singapore ilisisitiza zaidi kasoro za kiwanja. Mimi naona mabishano hayo yanatupita pembeni. Marubani waaminifu, waliolijua tangazo, walipelekwa na taa kwenye barabara iliyofungwa, na mwanzoni mwake hapakuwa na kitu chochote cha kuwaambia imefungwa. Koni chache na X yenye taa vingetosha kuwafanya wasimame na kuuliza.

Tarehe hiyohiyo ya 31 Oktoba, mwaka 1979, ndege aina ya DC-10 ya Western Airlines ilitua katika ukungu wa Mexico City kwenye barabara iliyofungwa kwa kazi ya kuweka tabaka jipya, ikagonga lori. Mpango ulikuwa ndege ikaribie kwa mstari wa barabara ile, kisha isogee na kutua kwenye ya jirani. Watu 73 walipoteza maisha.

Kosa la ramani ni dogo zaidi kwa sura, lakini nalo linaua. Huko Lexington, Marekani, alfajiri ya tarehe 27 Agosti 2006, ndege ya Comair yenye watu 50 ilipaswa kuruka kutoka barabara 22, yenye mita zaidi ya 2,100. Iliingia barabara 26, isiyo na taa, yenye mita 1,067 hivi, isiyotosha kwa ndege ile. Aliyenusurika ni rubani msaidizi peke yake. Uchunguzi ulisema marubani hawakutumia dalili zilizokuwapo kuhakiki mahali walipo. Lakini wiki moja kabla, kazi ya ujenzi ilikuwa imebadilisha njia za viungio, na ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha sura hiyo mpya. Ramani za anga husahihishwa kwa mizunguko ya siku 28. Greda haisubiri mzunguko. Kwa hiyo mpangaji makini hupanga siku ya kubadilisha njia iendane na siku ramani mpya inapoanza kutumika, na pasipowezekana huchapisha mchoro wa muda unaoonyesha njia ilivyo leo.

Kuna pia anayesoma ardhi kutoka juu. Julai 2017, San Francisco, barabara ya kushoto ilikuwa imefungwa usiku kwa ujenzi na taa zake zimezimwa, kama inavyotakiwa. Marubani wa Air Canada 759 walitarajia kuona barabara mbili zenye taa. Waliona moja, ile ya kulia, wakaidhania ndiyo ya kushoto, na kilichokuwa kulia kwake wakakichukua kuwa barabara yao. Kilikuwa kiungio, na ndege nne zilikuwa zimepanga foleni juu yake. Walipaa tena wakiwa mita 18 hivi kutoka ardhini. Taarifa ya kufungwa ilikuwamo ndani ya kabrasha la kurasa 27 walilopewa. Tangazo muhimu likizikwa katikati ya yasiyo muhimu, ni kama halikutolewa, na nadhani hili ndilo jambo ambalo sekta ya anga imechelewa kulikubali kuliko yote.

Halafu kuna hesabu ya urefu, ambayo wengi nje ya kazi hii hawaifikirii. Tuseme barabara ina mita 3,000 na mkandarasi anahitaji mita 800 za mwisho. Mtu angesema rubani amebakiwa na 2,200. Sivyo. Kabla ya kufika kwenye vijiko lazima kuwe na ukanda wa mita 60, na baada yake eneo tupu la kuipokea ndege iliyoshindwa kusimama, ambalo ICAO hupendekeza liwe mita 240 kwa barabara kubwa. Kwa ndege inayoelekea upande wa kazi zinabaki 1,900. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua ndege ibebe mafuta kiasi gani na abiria wangapi. Akiitwa rubani aliyezoea mita 3,000 na asiambiwe vizuri, ataondoka na uzito wa jana kwenye barabara ya leo.

Upande wa mafundi, hatari huja kwa sura ndogo ndogo. Dereva wa lori la kokoto hajui lugha ya mnara, kwa hiyo haruhusiwi kuvuka peke yake. Husindikizwa na gari lenye redio na taa ya njano inayomulika. Kijiko kikikata waya wa chini ya ardhi, taa za kiungio kizima huzimika. Ndiyo maana nyaya hutafutwa na kuwekewa alama kabla ya kuchimba. Udongo kwenye matairi ya malori, msumari, kipande cha waya wa kufungia nondo: injini hufyonza, tairi hupasuka. Ndege ya abiria ya Concorde iliyoanguka karibu na Paris mwaka 2000 ilianza maafa yake kwa kukanyaga kipande cha chuma cha sentimita 43 hivi. Kile kilitoka kwenye ndege nyingine, si kwa mkandarasi, lakini kinaonyesha ukubwa wa kitu kinachotosha.

Barabara iliyokamilika nusu ina hatari yake pia, kwa sababu inapendeza. Lami yake ni nyeusi, mistari ni safi, hakuna alama za matairi. Septemba 2018, mchana, ndege ya Air India ilitua Malé, mji mkuu wa Maldivi, kwenye barabara mpya iliyokuwa bado inajengwa, badala ya ya zamani iliyokuwa kando yake. Hakuna aliyeumia.

Kazi ya usiku inapokwisha na barabara inakaribia kufunguliwa asubuhi, mitambo hutoka kwanza, ikihesabiwa. Gari la kufagia hupita. Kisha mkaguzi huendesha polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akiangalia lami, ukingo, mifuniko ya mashimo ya nyaya. Taa huwashwa zote na kuangaliwa moja moja. X huondolewa mwisho kabisa, si mwanzo. Hapo ndipo mkaguzi hushika redio na kuuambia mnara kwamba barabara ni yao.