Pufya na ndondi: maswali ya mabondia wa Mombasa

Bondia wa majuu akinaswa na pufya, yaani dawa zilizopigwa marufuku michezoni, ubishi huzuka hadi kwenye mazoezi ya Tononoka: nani safi, nani anatudanganya? Ubishi huo una utamu wake, ila huwafanya vijana wadhani pufya ni mambo ya matajiri wenye madaktari wao. Kwa bondia wa hapa hatari iko karibu zaidi: kibanda cha muguka, majani ya kutafuna kama miraa, na duka la dawa la mtaani.

Jamaa amejaa misuli kwa miezi michache tu. Si ni pufya hiyo?

Macho hayapimi pufya. Chakula kizuri na kunyanyua vyuma hubadilisha umbo la mtu, na dawa nyingine hazionekani mwilini hata kidogo. Mwaka 2019 bondia wa Marekani Jarrell Miller alipatikana na EPO (ya kuongeza chembe nyekundu za damu), homoni ya ukuaji na GW1516 (ya kuongeza stamina), akapoteza pigano lake na Anthony Joshua wa Uingereza. Ungemtazama, ungeona mtu mnene tu.

Kipimo nacho kinaweza kuzua ubishi mwingine. Bondia wa Meksiko Canelo Álvarez alipopatikana na clenbuterol, dawa ambayo wengine huwapa mifugo ili wanenepe, mwaka 2018 alisema ilitoka kwenye nyama aliyokula kwao. Tume ya ndondi ya jimbo la Nevada ilimfungia miezi 6. Conor Benn wa Uingereza alipatikana mwaka 2022 na clomifene, dawa wanayopewa wanawake wanaotafuta mimba, ambayo kwa mwanamume huweza kupandisha testosteroni, homoni ya kiume. Alikana kuitumia, pigano lake na Chris Eubank Jr likafutwa, na mwaka 2024 jopo lililosikiliza kesi likamruhusu kurudi ulingoni. Ndiyo maana mimi simwiti mtu mwizi kwa sababu ya kifua chake.

Nani hupima, na hupima vipi?

Kenya kazi hiyo ni ya ADAK, wakala wa taifa wa kupambana na pufya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ndondi za kulipwa duniani hazina baba mmoja: WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, ina mpango wake wa upimaji tangu 2016 unaoendeshwa na VADA, taasisi ya upimaji wa hiari, na mapigano mengine hutegemea tume ya mahali na mkataba uliotiwa saini. Mianya hiyo ndiyo inayolisha tetesi.

Kipimo chenyewe hakina siri, ila kina aibu kidogo. Msindikizaji hakuachi tangu anapokuarifu. Chooni, afisa wa jinsia yako husimama akitazama mkojo unavyotoka. Shati limepandishwa, suruali imeshushwa magotini. Zinahitajika mililita 90. Vyombo unachagua mwenyewe, unamimina mwenyewe kwenye chupa A na B, unazifunga mwenyewe. Kwenye fomu unataja dawa ulizotumia siku 7 zilizopita. Usifiche hata ya kichwa. Ukikataa kupimwa bila sababu ya msingi, hilo ni kosa tosha. Chupa A ikionyesha kitu, una haki ya kudai B ifunguliwe. Bondia aliyejikausha maji huweza kukaa hapo kwa muda wa saa mbili baada ya pigano, anakunywa na mkojo hauji.

Muguka si dawa. Inauzwa kila kona, kwani kuna tatizo?

Tatizo lipo. Muguka na miraa zina kemikali za kuchangamsha, kathinoni na kathini, na kemikali hizo zote mbili zimo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, ya vitu vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano. Kathini ina kiwango: ikizidi mikrogramu 5 kwa kila mililita ya mkojo, umekwisha. Na "wakati wa mashindano" huanza saa sita kasoro dakika moja usiku wa kuamkia pigano. Aliyekaa barazani akitafuna mpaka usiku huo bado anayo mwilini.

Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka mwezi Mei 2024, mahakama ilisimamisha amri hiyo. Sawa, lakini ruhusa ya sokoni haimlindi bondia. Sheria zikiwekwa kando, kuna mwili wenyewe: majani haya hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, huondoa usingizi na hamu ya kula, na huficha uchovu. Bondia asiyesikia uchovu hajui wakati wa kuacha.

Kocha alinipa kidonge cha kukojoa ili nifikie uzani. Kina ubaya gani?

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko sindano zote. Mara nyingi kidonge hicho ni furosemide, dawa nzuri kwa mgonjwa wa moyo anayefuatiliwa na daktari. Kwa mwanamichezo ni marufuku mwaka mzima, ulingoni na nje ya ulingo, maana huufanya mkojo kuwa mwepesi na kuficha dawa nyingine.

Sasa fikiria joto la Machi hapa kwetu, hewa imejaa unyevu, kijana anakimbia kajivika plastiki mwili mzima, hajanywa maji tangu jana, kisha anameza kidonge. Maji yanatoka pamoja na potasiamu. Misuli inakaza, kichwa kinazunguka, figo zinaumia, na moyo unaweza kupiga ovyo hadi kusimama. Akishapima uzani anakunywa kwa pupa, ila masaa machache hayatoshi kurudisha kila kitu, na anapanda kupigwa kichwani akiwa hivyo. Kama uzani haushuki kwa chakula na wiki kadhaa za mazoezi, panda daraja la juu. Kocha akikataa, tafuta kocha mwingine.

Mwanangu anajidunga sindano za kujenga mwili. Nitazame nini?

Mama, tazama chunusi nyingi mgongoni, hasira za ghafla, matiti kuvimba kwa kijana wa kiume. Ndani, korodani husinyaa na mbegu hupungua, misuli ya moyo hunenepa, mafuta ya damu huharibika. Steroidi, yaani dawa hizo za kujenga mwili, zikiwa za vidonge huumiza ini. Msichana sauti huwa nzito, na mara nyingi hairudi. Asiache ghafla peke yake bila daktari, kwa sababu mwili huwa umesahau kutengeneza testosteroni yake na huzuni nzito huweza kumkumba. Sindano ya kushirikiana huleta pia virusi vya ukimwi na homa ya ini.

Nikiugua kweli, nisitibiwe?

Tibiwa. Kama dawa unayohitaji imepigwa marufuku, daktari hukujazia maombi ya kibali cha tiba kwa ADAK kabla hujaitumia, isipokuwa dharura. Mwenye pumu anaruhusiwa kuvuta salbutamol bila kibali, mradi isipite mikrogramu 1600 kwa saa 24, na isizidi 600 ndani ya saa 8 zozote. Angalia dawa za mafua zenye pseudoephedrine, vidonge vya dexamethasone wanavyouziwa watu wanaotaka kunenepa, na tramadol, dawa ya maumivu iliyoingia kwenye marufuku ya mashindano tangu Januari 1, 2024. Dawa za miti shamba na unga wa mazoezi usio na lebo, achana nazo. Kikipatikana kitu kwenye mkojo wako, wewe ndiye wa kujibu, hata kama hukujua.

Dukani anza kwa kusema: "Mimi ni bondia, napimwa." Kisha hifadhi pakiti na risiti.