Wimbo Unapokaa Kwenye Kiti cha Msimulizi

Kazi yangu ni kugeuza riwaya kuwa michezo ya jukwaani, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: umeondoa nini? Watu huhesabu sura zilizokatwa na wahusika waliofutwa. Lakini kukata si kazi ngumu. Kazi ngumu ni msimulizi. Ile sauti inayotuambia mhusika anawaza nini akiwa kimya, jukwaani haina pa kukaa, na asipotokea mtu wa kuitafutia nafasi, onyesho zima hubaki mifupa.

Ndiyo maana nilimchukua mpwa wangu twende tukaone Wicked, mchezo wa nyimbo uliotokana na riwaya, jijini London, onyesho la mchana la saa nane na nusu. Wicked imekuwa ikionyeshwa Apollo Victoria tangu Septemba 2006. Ukumbi huo uko hatua chache kutoka stesheni ya Victoria, na ulifunguliwa mwaka 1930 ukiwa jumba la sinema. Mpwa wangu hakuwahi kuisoma riwaya. Mimi nilikuwa nayo kwenye mkoba, kurasa zimejaa alama za penseli.

Tulikaa mapema, na nawashauri wote mfanye hivyo, kwa sababu onyesho hili linaanza kusema kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Pazia ni ramani ya Oz, nchi ya kubuni ya wachawi, na Mji wa Zumaridi unang'aa kijani. Juu ya jukwaa limetanda joka kubwa la chuma, na pembeni yamezunguka magurudumu ya saa yenye meno. Mpwa wangu aliniuliza joka ni la nini, kwa kuwa halimo katika hadithi ya Oz anayoijua.

Limo katika riwaya. Gregory Maguire, aliyeichapisha mwaka 1995, aliweka humo Saa ya Joka la Wakati: mtambo unaokokotwa kutoka mji hadi mji ukionyesha michezo ya vikaragosi, na vikaragosi hao hufichua aibu ambazo watu walidhani zimefichika. Ni msimulizi ndani ya msimulizi. Mbunifu wa mandhari, Eugene Lee, aliutoa mtambo huo barabarani akaufanya kuwa jukwaa lenyewe, hivyo kila tunachokiona kinatendeka ndani ya saa. Hakuna neno lililosemwa, na tayari sauti moja ya kitabu imepata makao.

Riwaya yenyewe ni nzito. Maguire alimchukua yule mchawi wa Magharibi ambaye L. Frank Baum, mwandishi wa hadithi ya kwanza ya Oz, mwaka 1900, hakumpa hata jina. Yeye akamwita Elphaba kutokana na herufi za mwanzo za jina la Baum mwenyewe, L, F na B, kisha akamfuata tangu kuzaliwa hadi kufa katika sehemu tano zilizosheheni siasa, dini, na wanyama wenye akili na usemi wanaonyang'anywa haki zao. Walioigeuza kuwa mchezo, Stephen Schwartz, mtunzi wa nyimbo, na Winnie Holzman, mwandishi wa maigizo, walishika zaidi miaka ya shule na urafiki wa wasichana wawili. Haki za filamu zilikuwa mikononi mwa kampuni ya filamu ya Universal, na Schwartz ndiye aliyewashawishi waipeleke kwanza jukwaani kwa nyimbo. Naamini alikuwa sahihi kabisa. Elphaba ni mtu aliyejifungia moyoni, na mtu wa namna hiyo akipewa wimbo hufunguka mbele ya watu elfu mbili bila kumwambia yeyote siri yake.

Kanuni ya michezo ya nyimbo ni kwamba mhusika huongea mpaka maneno yakamwishia, ndipo anaimba. Elphaba amefika chuoni, watu wameshangaa rangi yake ya kijani, kisha anaambiwa kwamba huenda siku moja akakutana na Mchawi Mkuu, mtawala wa Oz. Anaachwa peke yake. Anaimba jinsi mkutano huo utakavyokuwa, na katikati ya wimbo muziki unatulia, anaimba kifungu kinachoanza na neno "Unlimited", yaani mimi sina mpaka, kwa noti saba za mwanzo.

Hizo noti saba nilizipiga kwenye kinanda nyumbani, polepole, mara nyingi. Ni noti saba za mwanzo za "Over the Rainbow", wimbo aliouandikia Harold Arlen muziki kwa ajili ya filamu ya Oz ya mwaka 1939. Schwartz amebadili mapigo na sauti zinazozisindikiza, basi sikio haliutambui wimbo wa zamani. Lakini hamu iliyomo inakufikia, hamu ya mtu anayetazama mbali kwa kuwa pale alipo hapamtoshi. Baadaye noti hizo zinarudi Elphaba anapomwomba rafiki yake Glinda waondoke pamoja, safari hii akisema "sisi" hatuna mpaka. Na karibu na mwisho, wanapoagana, zinarudi tena kwa maneno yaliyopinduka: "I'm limited". Sasa nina mpaka. Riwaya ingehitaji aya nzima kutukumbusha kile msichana huyu alichokitumaini zamani. Hapa noti saba zinatosha, na ukumbi mzima unakumbuka bila kujua kwamba unakumbuka.

Wimbo haukai kwenye kiti cha msimulizi kila mara, na hapo ndipo navua kofia kwa waliotengeneza onyesho hili. Katika ukumbi wa dansi Elphaba anaingia amevaa kofia nyeusi yenye ncha, aliyopewa kwa mzaha. Watu wanaangua kicheko. Muziki unakatika. Anaanza kucheza peke yake, mikono ikienda kusikojulikana, na ukimya unakuwa mrefu hadi unahisi umefanya kosa kumtazama. Glinda, aliyempa kofia hiyo, anasogea na kuiga mwendo wake, hatua kwa hatua. Hakuna anayeimba. Nilikuwa nimekaa upande ambao niliuona uso wa Glinda vizuri, na majuto yaliingia machoni mwake kabla hajanyanyua mguu.

Kilichonisikitisha ni siasa ya wanyama, ambayo inapita haraka mno. Dillamond, mbuzi mhadhiri, kitabuni anauawa, na kifo chake kinabadili mkondo wa maisha ya Elphaba. Jukwaani ana wimbo mfupi tu. Hata hivyo kuna pigo moja zuri mno: anajaribu kusema neno la Kiingereza "bad" na linamtoka kama mlio wa mbuzi. Usemi unamponyoka tukiwa tunamtazama.

Sehemu ya kwanza inafungwa kwa Elphaba kupaa. Kifundi, mtambo uliofichwa chini yake unamwinua, vazi jeusi linaufunika, moshi na miale ya taa vinakula kilichobaki. Nilijua yote hayo na bado niliziba mdomo kwa kiganja.

Taa za mapumziko zilipowaka mpwa wangu alinigeukia. "Mjomba, kitabuni naye anapaa hivi?"

Nilitoa riwaya nikamwonyesha. Kitabuni, baada ya kuonana na Mchawi Mkuu, Elphaba anampandisha Glinda kwenye gari la farasi, anamuaga, kisha anapotea mjini. Ni kuagana kwa sauti ya chini, na gari linaondoka. Mpwa wangu alisoma ukurasa huo mara mbili. "Lakini ni kitu kilekile," akasema. Kweli ni kilekile. Msimulizi wa riwaya aliweza kunong'ona kwa sababu alikuwa sikioni mwa msomaji mmoja. Schwartz na Holzman walikuwa na watu wa safu ya mwisho huko nyuma, ambao nao walistahili kujua kwamba msichana huyu hatarudi tena alikotoka.

Tulitoka jioni, tukavuka kuelekea stesheni. Mpwa wangu alikuwa akiimba chini kwa chini lile neno moja. Nikaanza kuuimba ule wimbo wa mwaka 1939 kando yake, polepole, bila kusema lolote. Alisimama katikati ya watu.

"Mjomba, hebu rudia hapo mwanzo."