Tija katika kongano la viwanda vidogo ni nini? Tuwatazame wakamuaji mawese wa Kigoma

Tija ni uwiano kati ya kinachotoka kiwandani na kilichotumika kukitoa. Kilo za mafuta kwa kila kilo 100 za machikichi ni tija. Madumu kwa kila mfanyakazi kwa siku ni tija, na kuni zilizoungua kwa kila dumu moja vilevile. Kila kipimo kina lake la kusema, ndiyo maana mtu anayejisifu kwamba "uzalishaji umepanda" bado hajasema lolote kuhusu tija: huenda amenunua machikichi mara mbili ya mwaka jana, akaajiri watu mara mbili, na faida ikabaki palepale.

Ufanisi unakaribiana na tija lakini swali lake ni jingine: katika kile ambacho malighafi ingeweza kutoa, umepata kiasi gani? Tuseme mzigo wako wa machikichi una kilo 25 za mafuta ndani yake, nawe umetoa kilo 17. Ufanisi wako ni asilimia 68. Kilo nane zilizobaki umezilipia, umezichemshia kwa kuni zako, kisha umezitupa pamoja na makapi na maji ya tope.

Kongano, kwa upande wake, ni viwanda vidogo vya shughuli moja, au shughuli zinazotegemeana, vilivyo jirani. Mafundi samani wa Keko, Dar es Salaam, ni kongano. Mafundi bati wa Kamukunji, Nairobi, ni kongano. Halihitaji katiba wala mwenyekiti, kwa hiyo lisichanganywe na chama cha ushirika, ingawa ndani yake ushirika unaweza kuzaliwa. Mchumi wa Uingereza Alfred Marshall alieleza mwaka 1890 kwa nini watu wa kazi moja hufaidika kukaa pamoja: mafundi wenye ujuzi hupatikana hapohapo, wauzaji wa vipuri na malighafi huwafuata, na mbinu mpya ya mmoja haikawii kujulikana na wengine.

Mkoani Kigoma, wakamuaji wa mawese wana sifa zote hizo. Michikichi iko, mafundi wa kuchomelea wako, wanunuzi wanafuata mzigo. Lakini ujirani peke yake hauleti tija. Wakamuaji kumi wenye mashine kumi zinazolala sehemu kubwa ya siku ni majirani tu.

Hatua inayobana

Tuanze na mashine, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Chukua mkamuaji mwenye mashine inayoponda na kukamua kilo 200 za machikichi kwa saa. Anachemshia kwenye pipa moja la lita 200, ambalo bila kujazwa hadi mdomoni hubeba kama kilo 120 za machikichi yaliyopukuchuliwa. Kuwasha moto hadi machikichi kuiva vizuri ni kama saa mbili. Kujaza na kupakua ni nusu saa nyingine. Basi kila baada ya saa mbili na nusu mashine inapata kilo 120, inazimaliza kwa dakika 36, halafu inasubiri karibu saa mbili. Mashine ya kilo 200 kwa saa inafanya kazi ya kilo 48 kwa saa.

Mkamuaji huyo akipata mkopo, mara nyingi ananunua mashine kubwa zaidi. Ya kilo 400 kwa saa itamaliza pipa lake kwa dakika 18 na kusubiri muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Kinachotoka jioni hakibadiliki, deni tu ndilo limeongezeka. Kinachobana hapa ni pipa. Akiwa na mapipa manne yanayowashwa kwa kupishana kama dakika 37, kila moja linapoiva mashine ndiyo kwanza imemaliza lililotangulia, na uzalishaji unapanda hadi karibu kilo 190 kwa saa kwa mashine ileile.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza faida ya kongano. Mapipa manne si lazima yawe ya mtu mmoja. Wakamuaji wanne, kila mmoja na pipa lake, wanaweza kuilisha mashine moja kwa zamu, kisha fedha za mashine tatu zisizohitajika zikaenda kwenye mizani, majiko sanifu na bati la kufunika eneo la kazi. Sharti lake ni ratiba ya moto: nani anawasha saa ngapi. Ratiba ikikosekana, mapipa yote manne yanaiva saa nne asubuhi, foleni inaanza, na machikichi ya wa mwisho yanapoa.

Ukishalegeza hatua moja, nyingine inaanza kubana. Mapipa yakitosha, utakuta mafuta ghafi yanajaa yakisubiri kuchemshwa na kusafishwa. Hapo usihangaike tena na mapipa, hamia huko. Namna rahisi ya kutambua hatua inayobana ni kuzunguka eneo la kazi na kutazama mzigo umerundikana mbele ya nini.

Mafuta yanakopotelea

Kupoa si jambo dogo. Mawese huganda kwa ubaridi, na machikichi yaliyopoa hukamuliwa kwa shida huku mafuta yakishikana na nyuzinyuzi. Kamua yakiwa ya moto kiasi ambacho mkono hauvumilii. Kipimo cha papo kwa papo ni hiki: chukua makapi yanayotoka mashineni, yaminye kwa ngumi. Yakiacha kiganja kinang'aa kwa mafuta na kudondosha, kuna kasoro, nayo kwa kawaida ni moja kati ya tatu: machikichi hayakuiva, yamepoa, au parafujo ya mashine (skrubu kubwa inayosukuma na kuminya machikichi) imelika na nafasi kati yake na kichujio imekuwa kubwa. Ya tatu fundi huitibu kwa kuchomelea upya kingo zilizolika. Usiikwepe kwa kukaza mashine kupita kiasi, kwa maana kokwa zitavunjika, maganda yatachanganyika na mafuta, na mise, yaani viini vilivyo ndani ya kokwa, itaharibika.

Upotevu wa pili hauonekani kwa macho. Chikichi likishakatwa, hasa likichubuka, vimeng'enya vilivyomo huanza kuyavunja mafuta na asidi huru, yaani asidi inayotokana na mafuta yaliyovunjika, inapanda. Joto la kuchemsha ndilo linalovizima. Kurundika mikungu siku kadhaa ili machikichi yalegee kunapunguza kazi ya kupukuchua, ila unailipia kwenye ubora: katika biashara ya mawese ya kula, asidi huru inayozidi asilimia 5 ni sababu ya kushushwa bei au kukataliwa mzigo. Mawese yenye asidi nyingi hufaa sabuni, na bei yake ni ya sabuni. Maji yaliyobaki kwenye mafuta nayo huendeleza uharibifu huo ndani ya dumu, kwa hiyo chemsha mafuta yaliyoenguliwa hadi mtokoto wa maji ukome ndipo uyafungashe kwenye dumu kavu. Bomba za shaba ziepukwe kwenye mapipa ya mafuta. Shaba huharakisha kuchacha.

Kuna jambo ambalo mashine haiwezi kulirekebisha: aina ya mchikichi. Dura, aina ya asili iliyozoeleka, ina kokwa nene na nyama kidogo. Tenera, iliyopatikana kwa kuchavusha Dura kwa Pisifera, ina kokwa nyembamba na nyama nyingi. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Kihinga, Kigoma, kimepewa kazi ya utafiti na uzalishaji wa miche hiyo, na kampeni ya kitaifa ya kufufua zao hili ilizinduliwa mkoani humo mwaka 2018. Kwa mkamuaji, somo la karibu ni kutochanganya mizigo. Ukichanganya Dura na Tenera kwenye pipa moja hutajua kama mafuta yamepungua kwa sababu ya mashine au kwa sababu ya machikichi.

Daftari kabla ya mtambo

Huwezi kupandisha usichokipima, na debe si kipimo cha uzito. Debe la machikichi makubwa na la madogo hayalingani, na lililojazwa kichuguu hudanganya zaidi. Mizani moja iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo inatosha kongano zima. Kila pipa liandikiwe mstari mmoja: aina na uzito wa machikichi, saa ya kuwasha moto na saa ya kuanza kukamua, kuni na dizeli iliyotumika, mafuta yaliyopatikana, na dakika ambazo mashine ilisimama pamoja na sababu yake. Mafuta pia yaandikwe kwa kilo. Dumu la lita 20 la mawese lina takriban kilo 18, na wengi hukosea hesabu kwa kudhani lita ni sawa na kilo. Safu ya sababu za kusimama ndiyo yenye mafunzo kuliko zote. Baada ya mwezi utaona kama tatizo ni mkanda unaokatika, mtu wa zamu anayechelewa au kuni mbichi.

Wizara ya viwanda imekuwa ikisambaza mbinu za Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, kwa viwanda vidogo kwa msaada wa Japani, na hatua zake tano za kupanga eneo la kazi zina Kiswahili chake kilichozoeleka hata hospitalini: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kwa mkamuaji maana yake ni spana kuwa na mahali pake ukutani, kuni kavu kutengwa na mbichi, na njia kati ya jiko na mashine kuwa fupi na isiyoteleza. Wengi wanaweza nne za mwanzo. Ya tano huwashinda.

Mashine ya wote, ada ya nani?

Mashine ya pamoja hufa kwa sababu moja kubwa: ada hukadiriwa kwa dizeli na mshahara tu, na siku bearingi inapovunjika hakuna aliyeweka akiba. Ada ya saa iwe na sehemu ya kununulia mashine nyingine hii itakapochakaa. Tuseme imenunuliwa shilingi 6,000,000 na inatarajiwa kufanya kazi saa 1,200 kwa mwaka kwa miaka mitano. Hizo ni saa 6,000, yaani shilingi 1,000 za kila saa si za kugawana. Juu yake weka matengenezo, kisha dizeli na mwendeshaji. Mkanda mmoja na bearingi za akiba vikae stoo kabla msimu haujaanza, maana kipuri cha kusubiri kutoka Dar es Salaam kinaweza kumaliza siku za mavuno mengi mashine ikiwa imelala.

Mabaki ya mmoja ni malighafi ya mwingine, na hapa kongano linaipita mashine yoyote. Nyuzinyuzi na maganda makavu hurudi jikoni kupunguza kuni. Mise huenda kwa anayekamua mafuta yake, na mtengenezaji sabuni wa jirani huyanunua pamoja na mawese yaliyochacha. Yeye naye azingatie vipimo: kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za kostiki soda, lakini ya mafuta ya mise huhitaji karibu gramu 175. Akitumia kipimo cha mawese kwa mafuta ya mise, sabuni itabaki na mafuta yasiyogeuka. Akifanya kinyume chake itababua mikono.

Mmoja akichanganya maji kwenye dumu, mnunuzi hakumbuki jina lake, anakumbuka eneo. Kwa hiyo mizani ya pamoja iwe pia mahali pa kukagua: sampuli kijiko kimoja kwenye sufuria ya moto, yakirukaruka na kupasuka yana maji, yarudi jikoni. Wanaotaka alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) wapite Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) mkoani kupata barua ya utambulisho, na wapeleke daftari lao, kwa sababu mkaguzi atauliza kila shehena imetengenezwa lini na kutoka wapi.